Kibao Nilichoandikia Bucheri

Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primeri, kwa mapadri, kwenye milima ya Masisi. Kiisha baba akanihitaji kwa ng'ombe. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba neno fulani la Kifaransa lina maana fulani, ni kwa sababu niliambiwa na wanaojua, na niliambiwa nikiwa nimechelewa.

Wakati ule inchi ilikuwa ingali Zaïre, na mimi nilipanga chumba kimoja kwenye mutaa wa Mapendo. Bibi yangu alikuwa amerudi kwa wazazi wake, kule Masisi. Hatukupigana. Alisema tu kwamba nyumba yangu ina baridi, na sikuweza kubisha, juu mimi pia nilikuwa naisikia. Kazi yangu ilikuwa kwenye depo ya kahawa: nilipaka alama kwenye mifuko, kwa brosi na rangi. Herufi nilizopewa kwenye karatasi nilizinakili bila kukosa. Wakubwa wa depo walisifu mukono wangu. Kichwa hawakukiuliza.

Kwenye barabara ya kartie yetu kulikuwa bucheri ya mbao, yenye wavu dirishani. Mwenyewe alikuwa mutu wa Rutshuru, mukubwa kwangu kwa miaka kama kumi, asiyejua kusoma. Aliniita muandishi. Kila Jumamosi nilinunua kwake nusu kilo ya nyama, na kuna majuma ambayo, nje ya kazi, ni yeye tu aliyesema na mimi kitu zaidi ya salamu. Siku moja aliniuliza kwa nini mutu mumoja anachagua kila mara nyama yenye mufupa. Nikamuambia mufupa unatoa supu, na supu inakaa siku mbili.

"Mutu wa supu ya siku mbili hakosi mufupa," akasema. "Anakosa bibi."

Nikacheka, kiisha nikamueleza ukweli. Ni yeye peke yake niliyemueleza. Majirani walifikiri bibi anauguza mama yake, na mimi niliwaacha wafikiri vile.

Nyama yake ilitoka asubuhi kwenye machinjio, ambako veterineri wa Leta, yaani wa serikali, aliipiga kashe, muhuri wa wino wa zambarau, kwenye paja na kwenye bega. Kashe ilikaa kwenye ngozi ya juu tu ya nyama. Mwenye bucheri alikuwa na desturi ya kukata muguu kwa kuizunguka ile kashe, ili ibaki inaning'inia mpaka mwisho na kila mununuzi aione. Ni desturi nzuri, lakini inamaanisha kwamba mutu wa nusu kilo anaiona kashe na haendi nayo nyumbani. Anaenda na neno la muuzaji.

Halafu ikasemwa kwamba ng'ombe wamekufa kwa ugonjwa upande wa Kibati na nyama yao inaingia mujini. Sijui kama ilikuwa kweli. Mimi sikuona ng'ombe hata mumoja aliyekufa, na aliyenieleza pia hakuona. Lakini watu walianza kushuka ziwani Kituku kununua samaki wadogo wa sambaza, na wengine wakasema hata kashe yenyewe mutu anaweza kuichora kwa wino wa shule. Muguu uliokuwa unaisha saa nane za muchana ukawa unalala kwenye chuma chake.

Ndipo akaniomba kibao. Kiseme kwamba nyama yake ina kashe, na kiseme kwa Kifaransa, juu Kifaransa ndicho watu wanaheshimu. Pale nilipaswa kumuambia kwamba Kifaransa changu ni cha kunakili. Sikumuambia. Ni mutu mumoja tu katika ule muji aliyeniita muandishi, na sikutaka aache.

Nilifikiri jioni nzima. Viande, yaani nyama, nililijua, nililiona kwenye makopo. Kashe nililijua kwa masikio tu. Nikaliandika jinsi Mufaransa angelisema, nikaweka alama juu ya e, kiisha nikaongeza e nyingine mwishoni kwa sababu maneno mengi ya Kifaransa niliyoyaona yaliishia vile, na bila hiyo lilionekana kama mutu aliyetoka bila kofia. VIANDE CACHÉE. Herufi nyekundu, zimesimama vizuri. Alikipigilia juu ya dirisha, akakitazama kwa muda murefu, akanipa kipande cha maini nisichokiomba.

Siku mbili tatu watu walipita wakitabasamu. Alifikiri wamefurahi. Mimi pia nilifikiri vile.

Alhamisi, mama aliyeuza makala ya kupikia kando ya bucheri alikuja depo kuniita. Nilifika na rangi mikononi. Mutu wa Leta wa mambo ya usafi alikuwa amesimama ndani ya bucheri na daftari lake, na nje kulikuwa watu wengi kuliko walionunua juma lile.

"Sitoyeni, kibao hiki ni chako?" akaniuliza, kwa neno la Zaïre la kumuita raia.

"Ni changu."

"Kinasema nini?"

"Nyama yenye kashe."

Akanieleza polepole, na bila ubaya, lazima niseme hivyo. Kashe ya wino inaandikwa kwa namna nyingine. Hili nililoandika ni neno la kitu kilichofichwa. Nilikuwa nimemuandikia rafiki yangu kwamba anauza nyama ya kuficha.

"Ndiyo maana," mama wa makala akasema, "mimi naitafuta kwenye sufuria yangu kila siku na siioni."

Watu wakacheka, na mwenye bucheri akacheka pia kidogo. Kama mambo yangeishia pale, tungekuwa tunacheka hata leo. Lakini mutu wa Leta, kwa vile kibao kilisema hivyo, alikuwa ametafuta. Chini ya meza alikuta kikapu, na ndani yake kipande cha kilo mbili hivi, cha paja la ndani, kimefungwa kwenye majani ya ndizi. Hakikuwa na kashe. Muguu uliokuwa unaning'inia ulikuwa nayo, na ulikuwa umekatwa sehemu. Hakuna aliyewaza kukisogeza kile kipande kwenye muguu aone kama vinakutana. Mimi pia sikuwaza. Nimeiwaza mara nyingi tangu siku ile.

Mwenye bucheri alisema nyama ile ni ya muandishi, ameniwekea.

Mutu wa Leta akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli, kama mimi nachukua nyama pale Alhamisi.

Nilitaka kusema kweli tupu, hata kama ni kwa rafiki. Nikasema, "Mimi nanunua Jumamosi. Nusu kilo."

Mwenye bucheri alinitazama. Alifungua mudomo, akatazama watu waliojaa nje, akaufunga. Kiisha akafuta kisu chake na kukiweka juu ya meza. Nyama ikachukuliwa, mulango ukafungwa kwa kamba na karatasi ya Leta. Kibao mutu wa Leta alikitoa mwenyewe.

Ile siku niliandika katika kaye, daftari langu la nyumbani, kwamba nilisema ukweli. Niliandika mara mbili, na mutu mwenye uhakika haandiki mara mbili.

Jumamosi nilienda nyumbani kwake. Yeye hakuwepo. Bibi yake alinipa kiti, lakini hakuketi.

"Papa," akasema, "si wewe ulimuambia bwana wangu unapanda Masisi Ijumaa, kwa wakwe?"

Hapo nikakumbuka. Majuma mawili nyuma nilimuambia kwamba labda nitapanda ile Ijumaa kwenda kumuomba bibi arudi. Nilisema labda. Nilisema jinsi mutu anavyosema mvua ikipungua atapaka nyumba chokaa. Yeye alinijibu kwamba mukwe hapandi mikono mitupu, na mimi nikalichukua kama mzaha. Kumbe aliniwekea kilo mbili za paja la ndani, lisilo na mufupa. Na pale mbele ya watu wote, ili ajiokoe, ilibidi aseme kwa nini, na kutaja siri ya bibi yangu. Hakusema.

Ni kweli kwamba bibi anamusemea bwana wake, na nilimusikia yeye tu. Hata hilo nililipima njiani. Lakini sikuwaeleza wengine juu ya Masisi, na yule mama hangeweza kulijua isipokuwa kwa bwana wake.

Jumatatu niliomba ruhusa depo, nikaenda biro ya Leta, ofisi yao ya usafi. Mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi, wawili kati yao wa Mapendo, nilisema kwamba bibi yangu ameniacha, kwamba nilitaka kumufuata, na kwamba nyama ile ilikuwa ya safari hiyo. Mutu wa Leta alirudisha kurasa za daftari lake.

"Alhamisi ulisema wewe ni wa Jumamosi. Leo unasema nyama ni ya kwako. Niandike lipi?"

"Yote mawili," nikasema. "Yote mawili ni kweli."

Aliandika. Nikatia sahihi kwa herufi zangu nzuri. Baada ya siku tatu karatasi ilitolewa mulangoni mwa bucheri.

Masisi sikupanda. Mapendo nzima sasa ilijua juu ya bibi yangu. Wanawake wawili walinihurumia, mwanaume mumoja akaniimbia wimbo wa kunicheka, na kufika mwisho wa mwezi walinisahau. Wateja wa bucheri walirudi polepole. Jumamosi ya kwanza nilisimama kwenye foleni, nikamuambia mwenye bucheri kwamba nilienda biro na nilichosema pale. Alisema amesikia, na akanishukuru. Aliniuliza kiasi gani, kana kwamba hajui, bila kuniita muandishi. Akakata, akapima, na mizani ilisimama sawa kabisa. Hajanipunja hata siku moja, si wakati ule wala baadaye, na hilo nataka lijulikane. Alinifungia nyama kwenye jani, akatazama juu ya bega langu, akamuuliza mama aliyekuwa nyuma yangu kama mutoto wake amepona homa.