Nta ya Ushirombo kwa Jaketi la Shemeji

Nilikwenda Geita kwa sababu mama yangu alifua jaketi likatakata. Ni sababu ya kichekesho, najua, na mimi mwenyewe nilicheka mpaka nilipoona mama hacheki.

Jaketi ni la shemeji yangu Masanja, aliyemuoa dada yangu Kabula. Masanja anaendesha bodaboda pale Geita, anawawahisha wachimbaji kazini alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Aliachiwa jaketi hilo na marehemu kaka yake. Ni la pamba nzito ya kijani, limeshibishwa nta hadi tone la maji likiligusa linateleza kama limefukuzwa. Ni mtumba, sawa, lakini ukilivaa unaweza kusimama chini ya maporomoko ukamaliza andazi lako likiwa kavu. Kasoro yake ni kwamba linanata kidogo mkononi na linanuka kama mshumaa uliolala zizini.

Masanja alipokuja kutusalimia kwetu Ibadakuli, mama aliliona limetundikwa, akalipapasa, akasikitika. Mkwe wake anatembea na uchafu huu? Akachemsha maji, akamwaga sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi ya viatu, akalipiga kwenye jiwe. Ndivyo mama anavyopokea wageni. Ukilala kwetu unaondoka na nguo safi kuliko siku uliyozinunua. Jioni jaketi lilikuwa laini kama nepi. Masanja akalipokea kwa mikono miwili, macho chini, akasema, "Wabeja mayu," yaani asante mama, akaondoka nalo.

Angesema nini kingine? Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno zito baina yao hupita kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo alinyamaza. Kisha masika yakaanza, na siku moja Kabula akaropoka kwenye simu: "Mama, Masanja anarudi ameloa mpaka kwenye mbavu, na jaketi kalivaa."

Mama alikata simu, akaenda kwenye begi alilokuwa ameshaanza kulipanga, akatoa khanga moja moja akazirudisha sandukuni. Begi hilo lilikuwa la safari ya Geita. Kabula alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama ndiye wa kumshika mkono.

"Sendi," akasema. "Nikalale kwenye nyumba ya mtu niliyemtoboa paa?"

"Mama, ni jaketi."

"Wewe unafanya kazi ndani. Yule paa lake ndilo hilo."

Nikamuuliza, likirudi kama zamani je? Akasema likirudi, ataona. Basi nikaomba ruhusa kwenye mashine ya kusaga ninakofanya kazi, nikachukua chupa ya mafuta ya pamba, huenda yakasaidia kuzuia maji, nikapanda basi.

Kahama tulifika jua limeshapanda, tukala mahindi dirishani na kuendelea. Sina la kusema juu ya Kahama, isipokuwa kwamba hindi moja lilikuwa refu kama mkono wangu.

Ushirombo nilishuka kutafuta nta, maana msitu wa upande ule una nyuki wengi kuliko watu, na nyuki wenyewe wana adabu zaidi. Nikaelekezwa kwa Mama Paskalina, mwanamke wa Kisumbwa anayeuza asali nyuma ya kanisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kuchuja asali.

"Nta ya nini? Mishumaa?"

"Ya jaketi, mama."

"Linaumwa?"

"Limefuliwa. Kwa maji ya moto na sabuni."

Akaweka chujio chini. "Nani kafua?"

"Mama yangu."

"Basi usimcheke. Mimi mume wangu aliletewa kofia ya sufu, nikaichemsha ing'ae. Ilimtosha mtoto mchanga."

Mume wake hupaka nta turubai lake kila anapokwenda kambini kurina asali, kwa hiyo Mama Paskalina alilijua tatizo langu kama jina lake. Alinipa kipande cha nta nitafune. Nta safi, alisema, haigandi menoni. Nikatafuna kwa uaminifu mpaka akanihurumia. Kisha akaniambia nisipake nta tupu, itapasuka kwenye mikunjo ya viwiko. Niilainishe na mafuta kidogo. Nilipomwonyesha chupa yangu alitabasamu. "Pamba kwa pamba. Lakini kidogo, ukizidisha atanuka kama chapati." Na kabla ya yote, akasisitiza, nitoe sabuni yote iliyobaki ndani ya kitambaa, maana sabuni ndiyo inayoyaita maji yaingie.

Kuelekea Katoro tuliiacha lami, na barabara siku ile ilikuwa uji. Basi lilizama hadi nikadhani tutatokea kwenye mgodi wa mtu. Tulishuka kusukuma, wanaume kwa wanawake, mimi nikiwa nimekumbatia mfuko wa nta kifuani. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma pembeni yangu akauliza kama nimebeba dhahabu. Nikamwambia nimebeba bibi wa mtoto. Akaniacha.

Geita niliingia jioni, nimepakwa tope hadi kope. Kabula alinicheka kabla hajanisalimia. Tumbo lake lilikuwa limetangulia mlangoni, yeye akafuata. Alinipa maji ya kuoga, akanipa chai, akauliza swali moja tu: "Mama anakuja lini?" Nikanywa chai.

Muda si mrefu pikipiki ikanguruma nje, Masanja akaingia amevaa jaketi.

"Shemeji, karibu sana."

"Nimekaribia. Jaketi linaendeleaje?"

"Zima tu," akasema, akanyoosha mkono kunisalimia. Maji yakachuruzika kutoka kwenye mkono wa jaketi yakaingia kwenye kikombe changu.

"Naona limeniongezea chai," nikamwambia.

Kabula akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Masanja akafungua zipu. Ndani alikuwa amevaa mfuko wa mbolea wa nailoni, ametoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Kifua kilikuwa kikavu. Mikono na mgongo, maji matupu. Akakohoa kikohozi kirefu.

Tulitoka barazani, nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nimwambie mama nini? Kwamba alinitendea wema akakosea? Bora niloe."

"Unaloa, na yeye hajui kwamba unamstahi. Anajua tu kwamba amekuharibia. Ndiyo maana haji."

Masanja akanitazama. "Haji? Kabula ananiambia mama ana kazi za shamba."

"Shamba gani? Begi amelifungua, khanga zimerudi sandukuni."

Akakaa kwenye kiti cha pikipiki. Alikuwa amemficha mama kuloa kwake, Kabula amemficha yeye huzuni ya mama, na katikati yao mtoto anakuja na hakuna wa kumpokea.

Asubuhi jua likatoka kama limetumwa. Tulianza na sabuni. Tuliloweka jaketi kwenye maji baridi, tukaminya bila kusugua, tukamwaga. Povu likatoka la kutosha kuosha mitaa yote ya Geita. Tukarudia mpaka maji yakatoka meupe. Tukalianika juani likakauka kabisa, maana nta ukiipaka juu ya unyevu inabanduka.

Nta tuliiyeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Mimi nilitaka kuibandika moja kwa moja kwenye mkaa ili tuwahi, Kabula akanipiga kofi la mgongo. "Unataka kunichomea nyumba na mtoto hajaiona?" Tukaongeza mafuta ya pamba kidogo, tukachovya kitambaa, tukaanza na mishono, kwani maji hupenda kupita palipopita sindano. Kisha mabega, mgongo, kola. Tulipaka nyembamba, tukitandaza kwa kiganja. Palipoganda weupe tuliweka kitambaa juu tukapitisha pasi ya mkaa iliyopoa kidogo, nta ikazama, rangi ya kijani ikarudi nzito kama majani baada ya mvua. Mabaki tukayafuta.

Nilikuwa nimemaliza mkono wa kulia, nageukia wa kushoto, Masanja akanishika kiwiko.

"Hapo acha, shemeji."

"Bado mkono mzima."

"Najua. Uache." Alikuwa anatazama chini, kama vile mama yuko pale pale. "Mwambie mama mkono wa kushoto umetushinda. Tunamsubiri aje aumalize."

Kabula aliacha kucheka. Akajipangusa macho kwa upindo wa khanga, akasema ni moshi wa mkaa.

Tulilimwagia maji upande uliopakwa. Matone yalikimbia kama wezi. Mkono wa kushoto ulikunywa yote.

Kurudi nilipitia Kakola, njia ya Bulyanhulu, mvua ikipiga kioo cha basi. Bodaboda walikuwa wamejikunyata kwenye nailoni na makoti ya kila aina, na mimi, niliyewahi kuwapita bila kuwaona, nilikuwa nakagua viwiko vya kila mmoja.

Ibadakuli nilimkuta mama anapepeta mchele. Nilimweleza yote: kwamba jaketi halioshwi kwa sabuni wala maji ya moto, tope likikauka linapigwa brashi, doa linapanguswa kwa maji baridi, halifungiwi kwenye nailoni litaota ukungu, na nta inarudishwa kabla ya kila masika. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto, ungo ukasimama.

"Umemwacha hivyo hivyo? Na mvua hii?"

"Amekataa mwenyewe. Anasema mkono umetushinda."

"Umewashinda nini, wanaume wawili?" Akaweka ungo chini. "Nta imebaki?"

Nikampa kipande kilichobaki. Akakinusa, akakifunga kwenye pindo la khanga, akaingia ndani. Nikasikia sanduku linafunguliwa.

Kabula ananisimulia kwenye simu kwamba mama alifika, akapewa kiti uani, akaipa nyumba mgongo, akapaka mkono ule magotini mwake tangu asubuhi hadi adhuhuri, kana kwamba anampaka mtu mafuta. Masanja alikaa ndani nyuma ya mlango, kama adabu inavyotaka, akamsikiliza akipaka. Alipomaliza, mama alilitundika mlangoni, palepale Masanja alipoweza kulifikia bila kukutana naye. Mtoto wa kike alizaliwa wiki hiyo, mvua ikinyesha, na Masanja ndiye aliyemwendea mkunga. Alirudi mkavu.