Kalsiamu ya Joséphine

Saa kumi na mbili asubuhi umande haujakauka, na Ngeleka Ntumba amepiga magoti nyuma ya nyumba za wazungu wa mgodi, hapa Kolwezi, akiwinda panzi. Ana miaka arobaini na sita, mvi zimeanza pembeni mwa kichwa, na goti la kulia halimpi raha. Mkono mmoja umeshika kopo la kahawa. Mwingine unapiga nyasi, unatulia, unapiga tena.

Akifikisha panzi ishirini anarudi kwenye baraza ya nyuma, anatia ndani ya kopo kijiko kidogo cha unga mweupe, anafunika na kutikisa. Panzi wanatoka weupe kama maandazi yaliyomwagiwa sukari. Anafungua kizimba cha waya wa mbu, anamshika panzi mmoja kwa vidole viwili, anangoja. Ulimi unatoka, na panzi hayupo tena.

Anayelishwa ni kinyonga. Ni jike, ana mayai tumboni, na jina lake ni Joséphine. Ni mali ya Madame Odile, mke wa mhandisi Mbelgiji, ambaye anafuga vinyonga watatu jinsi watu wengine wanavyofuga paka. Ngeleka ni boyi wake, mtumishi wa nyumbani, kwa neno linalotumika hapa hata kwa mtu mwenye mjukuu njiani.

Unga huo ni kalsiamu. Kwa muda mrefu ulikuwa ukitoka Brussels kwa ndege, katika makopo madogo yenye picha ya mjusi, kwa sababu kinyonga jike huyatengeneza mayai yake kwa kuitumia mifupa yake mwenyewe. Asiporudishiwa, miguu inalegea, hawezi kuchimba shimo la kutagia, na anakufa na mayai yake tumboni. Ngeleka anayaeleza haya kwa ufasaha wa daktari. Halafu anageukia kufunika kopo, kwa sababu anajua swali linalofuata.

Swali ni hili: na wanawake wenye mimba wa Manika, mtaa wa Ngeleka mwenyewe, wao wanakula nini?

Wanakula pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande. Tangu vita vya Angola viikate reli ya Benguela mwaka jana, ng'ambo ya mji wa mpakani wa Dilolo, vitu vingi vimeadimika, na vidonge vya kalsiamu katika zahanati ya mtaa vilikwisha kabla ya Krismasi. Sasa tuko Novemba 1976. Ndege iliyoleta kopo la kinyonga haikuwa na nafasi ya vidonge vya akina mama. Mwandishi wa makala haya aliuliza katika ofisi mbili ni kwa nini, akaelekezwa ya tatu, na ya tatu ilikuwa imefungwa.

Mmoja wa wanawake hao ni Ngalula, binti wa Ngeleka, mwenye miaka ishirini na miwili na mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa mtu wa reli kule Dilolo. Treni zilipokoma alibaki bila kazi; Aprili mwaka huu akaenda kutafuta nyingine, barua zake zikakoma, na Ngalula akarudi kwa baba yake. Mimba yake ya kwanza, miaka miwili iliyopita, iliishia kwenye kifafa cha mimba. Mtoto alizikwa bila jina, na mama mwenyewe alikaa siku tatu bila kumtambua mtu.

Muuguzi aliyempokea wakati ule ndiye anayemwangalia sasa. Anaitwa Mama Laurentine, jina ambalo serikali ilimwondolea mwaka 1972 pamoja na majina yote ya Kikristo, na ambalo wagonjwa wake wanaendelea kumwita kana kwamba hawakusikia. Juni mwaka huu alimpima Ngalula na kumwambia baba yake waziwazi kwamba binti anahitaji maziwa, dagaa na kalsiamu kila siku, na kwamba yeye hana cha kumpa.

"Siwezi kuapa kwamba kalsiamu itafukuza kifafa," Mama Laurentine anasema. "Lakini ule mutoto anakula mifupa ya mama yake. Mutu anarudisha nini?"

Ngeleka aliposikia hayo alishtuka. Maneno ni yale yale ambayo Madame Odile alimwambia juu ya kinyonga.

Mshahara wake ni zaire ishirini na mbili kwa mwezi, na gunia la unga wa mahindi linakula zaidi ya nusu. Maziwa ya kopo hayaingii katika hesabu hiyo. Basi asubuhi moja, baada ya kupanga vikombe, alimwomba Madame kijiko kimoja kwa siku kutoka kwenye kopo.

"Alinijibu pole pole, hakunitukana," Ngeleka anakumbuka. "Alisema ile dawa ni ya nyama, ya kinyonga; juu ya bantu iko dispensaire, zahanati. Ni kweli, dispensaire iko. Dawa njo haiko."

Hapo inabidi msomaji ajue kazi ya Ngeleka ina uzito gani. Katika mji huu mtu akimkuta kinyonga njiani anabadili njia. Mwanamke mwenye mimba hataki hata kumsikia akitajwa. Madame alijaribu mtunza bustani, mpishi na mlinzi, na wote watatu walikataa kuingiza mkono katika kizimba. Ngeleka alikubali kwa sababu alikuwa na Ngalula wa kusomesha.

Tangu siku hiyo, kila jioni husimama kwenye bomba la mwanzo wa mtaa, anasugua mikono kwa majivu na sabuni mpaka viwiko, anabadili shati, ndipo anaingia nyumbani. Haikusaidia. Mtoto wa kwanza wa Ngalula alipokufa, baba ndiye aliyelaumiwa. Majirani walisema ameleta kile kifo kwenye vidole vyake, na hata leo wapo wasiompa mkono.

Kwa hiyo hasira ya mtu huyu ina matabaka mawili. Anamlisha kinyonga dawa ambayo binti yake anakosa, na anabeba lawama ya kumgusa.

Na kuna tabaka la tatu. Mke wa Ngeleka, aliyefariki mwaka 1974, aliitwa Joséphine. Kwenye kadi aliandikwa Kanku, kama sheria inavyotaka, lakini nyumbani alikuwa Joséphine mpaka siku ya mwisho. Januari mwaka huu Madame alimpa kinyonga jina hilo kwa sababu, alisema, mnyama ana macho ya kifalme. Hakujua. Hakuuliza pia, na katika miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza mke wa boyi wake anaitwaje. Ngeleka hakumwambia.

"Angecheka, ao angelia," anasema. "Yote mbili sikutaka."

Agosti, miguu ya Ngalula ilipoanza kukakamaa usiku, Ngeleka alifanya jambo ambalo halioni aibu kulisimulia. Alianza kuchota nusu ya unga wa kopo na kuupeleka nyumbani katika karatasi. Ili kopo lisipungue, alinunua pemba sokoni Manika, akaisaga kwenye kinu mpaka ikawa laini, akajaza pengo.

Kwa akili yake haukuwa wizi kamili. Alikuwa akibadilishana.

"Sikumupa sumu," anasema. "Mama yangu alikula pemba na mimba yangu. Mama wa batoto yangu alikula pemba. Nikasema, kama iko muzuri kwa bamama, itakuwa muzuri kwa yee pia."

Ndipo kosa lilipokaa, na ni kosa ambalo lingefanywa na yeyote aliyekulia hapa. Pemba inatuliza tumbo na kiungulia. Haijengi mfupa. Vizazi vitatu vya akina mama wameitafuna wakidhani wanajilisha, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuwaambia, wala kuwaletea kingine. Kinyonga mmoja alikula pemba kwa wiki saba na ukweli ukaonekana.

Katikati ya Oktoba Joséphine alianguka kutoka kwenye tawi. Miguu ya mbele ilikuwa inatetemeka, tumbo limejaa mayai. Mhandisi mwenyewe alilichunguza kopo. Alikamulia ndimu juu ya unga kidogo, kama wanavyopima mawe ya chokaa mgodini kwa tindikali. Kalsiamu ya kweli ingetoa povu. Ilitoa povu kidogo tu, kisha ikatulia kama matope.

Ngeleka alisema kweli pale pale. Madame Odile alilia, na machozi yake yalikuwa ya mnyama. Siku hiyo hiyo Ngeleka aliambiwa achukue shati lake na aende.

Akaenda. Nyumbani alimkuta Ngalula ameinua miguu juu ya kiti, imevimba, na karatasi ya mwisho ya unga imebaki na vijiko viwili. Anasema hiyo ndiyo siku aliyoogopa kuliko zote, kwa kuwa alikuwa amepoteza mshahara na dawa kwa pigo moja.

Siku nne Madame alitafuta mtu wa kumshika kinyonga. Alitafuta Manika yote, akaahidi mshahara mkubwa kuliko wa Ngeleka, akapata watu wa kufua, kupika na kulinda. Wa kumshika kinyonga hakuna. Yeye mwenyewe, iligundulika, hufurahia kuwatazama tu. Siku ya tano gari lake lilisimama mbele ya nyumba ya Ngeleka, na watoto wa mtaa wakakimbia kwa sababu walidhani amembeba kinyonga.

Hakuja kuomba radhi. Alikuja na barua. Kopo jipya lingefika Desemba, Joséphine asingefika Desemba, na daktari wa wanyama wa Brussels alikuwa ameandika njia nyingine. Madame aliisoma kwa sauti, akitafsiri kutoka Kifaransa, ili boyi wake aelewe afanye nini. Kama kopo limekwisha, maganda ya mayai ya kuku yaoshwe, yakaushwe kwenye oveni, yasagwe laini sana. Ni kalsiamu ile ile.

Ngalula alikuwa amekaa mkekani, anasikia.

Ngeleka aliuliza barua imefika lini. Madame alitazama tarehe, akasema Januari, pamoja na kopo la kwanza la mwaka huu.

Msomaji asome tena sentensi hiyo, kisha ajue kwamba jiko la nyumba ile huvunja mayai manne kila asubuhi.

"Miaka kumi na moya mi minatupa maganda mu poubelle, mu takataka," Ngeleka anasema. "Mu mwezi wa sita nilikuwa nasimama mbele yake, nalomba kijiko. Barua ilikuwa mu tiroir ya meza, nyuma ya mugongo yake. Neno moya tu. Haingemulipisha kitu."

Mwandishi alimwuliza Madame Odile juu ya hilo. Alijibu kwamba hakufikiria. Ni jibu la kweli, naamini, na ndiyo sababu linakera zaidi kuliko uongo. Alifikiria halijoto ya kizimba, unyevu wa udongo na idadi ya panzi, yote yameandikwa katika daftari lake kwa wino wa kijani.

Ngeleka alirudi kazini kwa masharti mawili. La kwanza, maganda yote ya jiko yawe yake baada ya kinyonga kupata fungu lake. Madame alikubali. La pili, mnyama abadilishwe jina, na safari hii akamweleza sababu. Madame alisema anasikitika, lakini mnyama ameshalizoea.

Wiki iliyopita, Joséphine alishuka kwenye ndoo ya udongo, akachimba kwa miguu iliyopata nguvu, akataga mayai thelathini na moja. Bado anayo mengine. Ngeleka ndiye aliyeyahamisha moja moja kwenye boksi, kwa kijiko cha chai.

Siku hizi, akitoka kazini, hapiti kwenye bomba kwanza. Anapita nyumba tisa za wazungu, kwa mlango wa nyuma, na maboyi wenzake wanampa mifuko ya maganda. Wengine wanaiweka chini na kurudi nyuma, kwa kuogopa mikono yake, lakini wanaiweka. Mama Laurentine amempa sufuria ya zahanati ya kuchemshia. Wanawake kumi na wanne wanapata kijiko chao kila siku ndani ya uji, na Ngalula ni wa kwanza kwenye foleni.

Miguu yake haikakamai tena usiku. Uvimbe umepungua, si wote. Zimebaki wiki tatu, na Mama Laurentine amemkataza baba mtu asiulize kila jioni kama hali ni nzuri.

Nilimwuliza Ngeleka kama haogopi maneno yake yakichapishwa. "Andika," alisema. "Nani mwingine atamushika ule kinyonga?"

Mpango wake ni kufikisha nyumba ishirini kabla ya mvua kuharibu barabara, na kumfundisha Ngalula kusaga akishajifungua. Tumaini lake ni fupi zaidi. Mjukuu akiwa wa kiume, atamtafutia jina baadaye. Akiwa wa kike, kadi itamwandika Kanku, kama bibi yake, na watu wa serikali wataridhika.

Tunarudi kwenye kizimba kwa panzi wa mchana. Kinyonga anageuza jicho moja kumtazama. Nimegundua kwamba tangu alfajiri Ngeleka hajamwita kinyonga kwa jina, si kwa sauti wala kwa kunong'ona, na namwuliza kwa nini.

Anamkabidhi panzi, anafunga waya, anapangusa unga kwenye suruali.

"Ile jina mi simupe tena," anasema. "Minaliweka. Mwenyewe yuko njiani."