Tumbili wa Mjini Hawafukuzwi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa saa yangu ya mkononi, binti yangu alirusha jiwe la kwanza.

Tulikuwa katika bustani ya zamani ya jiji, Nairobi, mimi na watoto wangu wawili: yeye wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, na tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Mukuyuni kwa basi la alfajiri. Nilitaka waone mahali ambapo babu yao alifyeka nyasi miaka minne, enzi za Wazungu, bila ruhusa ya kukaa kwenye benchi. Kwa hiyo tulianza kwa kukaa kwenye benchi. Nilikuwa nikiwasomea kibao kilichopigiliwa kwenye shina la mti, jina lake na nchi ulikotoka, tumbili waliposhuka.

Kwetu, mahindi yakianza kubeba, watoto hushinda shambani wakiwafukuza tumbili. Ukizubaa nusu saa, mstari mzima umekwisha. Binti yangu nilimfundisha mwenyewe: usipige kelele, maana watahamia upande wa pili, mngoje dume atokeze wazi, jiwe la kwanza litue hatua moja mbele yake, la kumwonya. Asiposikia, la pili ni lake. Aliwashinda binamu zake wote wa kiume.

Dume mmoja alinyoosha mkono kwenye njugu nilizomnunulia mwanangu mdogo. Jiwe la kwanza lilitua hatua moja mbele. La pili lilimpata mgongoni. Kundi lote likakimbilia mitini pamoja na njugu, na mama mmoja aliyekuwa akiwalisha ndizi akapiga kelele kuliko wao.

"Mtoto wa nani huyu? Hana adabu!"

Askari wa bustani akaja na rungu lake. "Mzee, huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Hawa ni tumbili wa serikali."

Binti yangu akamwuliza kwa heshima, "Wanakula mahindi ya nani?"

"Hawali mahindi. Watu wanawanunulia njugu."

Mdogo wake akaruka kwa furaha. "Baba, huku tumbili wananunuliwa chakula!"

Askari hakucheka. Alisema faini ni shilingi kumi, inalipwa ofisini. Yule mama akadakia kwamba faini haimfundishi mtoto kitu. "Mchape hapa hapa tuone, yaishe."

Askari akafikiri kidogo. "Sawa. Viboko vitatu, mwende zenu." Akavunja kijiti kwenye ua, akanipa.

Mbali na nauli nilikuwa na shilingi kumi na moja. Niliziweka akiba miezi mitatu ninunue kamusi kuukuu niliyoiona kwenye mtaa wa vitabu safari iliyotangulia. Shule niliiacha darasa la nne. Yote niliyoyajua baada ya hapo niliyatoa vitabuni, na kamusi ile ilikuwa ya mwisho pale. Binti yangu hakujua habari hizo. Alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja, kama walivyozoea shuleni. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, nililenga vibaya?"

"Hapana. Ulilenga sawa."

Nikamrudishia askari kijiti, nikamwomba atuongoze ofisini. Yule mama akaniambia ninafuga jambazi.

Karani alifungua kitabu cha risiti, akauliza kosa.

"Kupiga tumbili kwa jiwe," askari akasema.

"Nani alipiga?"

Askari akaonyesha chini. Karani akainuka kitini ili amwone, akamtazama kitambo, kisha akaketi, akaandika jina langu badala ya lake.

Nje nilimweleza binti yangu kwamba huku tumbili hawafukuzwi.

"Hata wakimnyang'anya mtoto?"

"Hata wakimnyang'anya."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Mtaa wa vitabu hatukuupitia. Faini shilingi kumi, njugu senti hamsini: siku ile nilipoteza shilingi kumi na senti hamsini.