Ngozi za Idi kwa Jaketi la Kaka

Kaka yangu alipoanguka na pikipiki kwenye kona ya kutokea Tumbe, jaketi alilovaa lilichanika kutoka begani mpaka kiwikoni kama karatasi ya kufungia maandazi. Halikuwa la ngozi. Lilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, na nilimwambia hivyo tangu siku ya kwanza nilipoliona. Mkono ulichubuka vibaya. Shemeji yangu, mkewe, akawa anamwosha kidonda kila asubuhi huku akimsihi aachane na kazi ya kupeleka samaki Chake Chake.

"Nikiacha, nile nini?" kaka akamjibu. "Nile diploma ya mdogo wangu?"

Diploma hiyo ni yangu na siionei haya. Nilitoka Pemba na begi moja, nikafika Uturuki, nikaosha vyombo hotelini, nikafagia karakana ya makoti, nikashika mkasi, na mwisho nikasomea kazi ya ngozi mpaka nikatunukiwa cheti mbele ya watu. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nina cherehani ya kushonea ngozi chumbani kwangu, na sijasikia mtu mwingine mwenye kama hiyo kisiwani. Kwa hiyo niliposema nitamshonea kaka jaketi la kweli, ambalo akianguka tena lami itakula jaketi na si yeye, sikuwa napiga porojo.

Kuchagua ngozi ni nusu ya kazi, na nusu hiyo watu hawaijui. Wanadhani ngozi ni ngozi. Ya kondoo ni laini, inapendeza, inalala mwilini vizuri. Jaketi langu mwenyewe ni la kondoo, lakini ni la kutokea, si la kuangukia. Ya ng'ombe lami haiiwezi, ila inatoka nene, inataka mashine ya kuipasua iwe nyembamba, na mashine hiyo hapa hakuna. Bila hiyo mashine ningemshonea kaka mlango, si jaketi, na kwa joto letu angeiva ndani yake. Iliyobaki ni ya mbuzi: nyepesi, nyuzi zake zimebanana, inapinda bila kukatika, inavumilia maji. Na awe beberu aliyekomaa, si kitoto. Kwenye bega na kiwiko, tabaka mbili.

Kaka naye, kama wenzake wote wa barabarani, huvaa jaketi kinyume: mgongo wake unakaa kifuani, zipu nyuma, upepo usimpenye. Walimu wangu wangezimia. Mimi nikakaa nikapima, nikaamua ngozi ya uti wa mgongo wa mbuzi, ambayo ndiyo bora kuliko zote, ikae kifuani, na zipu niishone nyuma moja kwa moja.

"Na nikiwa Chake peke yangu, nani ataifungua?" kaka akauliza.

"Zipu utaiachia chini kidogo ya shingo, uvue kama fulana."

"Kumbe kuna mtu amesoma kweli."

Shida ilikuwa wapi pa kupata hao mbuzi. Siku za kawaida mabuchani kwetu ni ng'ombe tu. Ngozi niliyoagiza kutoka bara ilifika kavu kama ubao, na nyingine ilikuwa imeshaanza kunyonyoka. Huku kidonda kimefunga na kaka amesharudi barabarani, amevaa shati juu ya shati, na shemeji kila alfajiri anabaki kitako kitandani akisikiliza mlio wa pikipiki mpaka unapotea.

Ndipo ikakaribia Idi ya kuchinja. Mbuzi watachinjwa mji mzima, na ngozi zao, nilijua, nyingi huishia kufukiwa. Ijumaa ya kabla ya Idi, baada ya sala, nikasimama barazani nje ya msikiti nikatangaza: "Ngozi zenu za mbuzi msizitupe. Nazinunua zote, na bei yangu nzuri."

Mzee anayechinjia watu mtaani petu akanitazama.

"Ngozi zipi, mwanangu?"

"Za Idi, Mzee."

"Za wanyama tunaomchinjia Mwenyezi Mungu?"

"Hizo hizo."

"Astaghfirullah. Umetoka huko kote kuja kutununulia ibada yetu?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja nyuma akasema, "Muulizeni, pembe anachukua kwa kilo?"

Mzee akawanyamazisha kwa mkono. "Ngozi ya mnyama wa Idi haiuzwi. Atumie mwenyewe aliyechinja, au aitoe sadaka. Hilo hukulisoma chuoni?"

Nililisoma. Nilikaa mkeka mmoja wa Kurani na hao waliokuwa wakinicheka. Lakini kwa miaka yangu ya ugenini ngozi za Idi nilizijua zikishushwa kwenye malori, zikishafika karakana ni mali kama mali nyingine, na hakuna aliyeniuliza wala niliyemuuliza zilitoka vipi mikononi mwa wenyewe. Nikajaribu kurekebisha mambo. Nikasema basi, wanipe ngozi bure, na mimi nitawapa kitu kidogo pembeni, nje ya ngozi.

"Hicho cha pembeni," Mzee akasema, "ndicho bei."

Nilirudi nyumbani nimefura. Kaka alishapata habari kabla yangu.

"Waambie wakupe sadaka," akasema.

"Mimi? Nipokee sadaka? Mimi ambaye nimejenga mwenyewe, sina wa kunidai, nina cheti ukutani?"

"Basi nitapokea mimi. Mimi sina ukuta."

"Wewe ni ndugu yangu. Wakikupa wewe wamenipa mimi. Watu watasema yule wa Uturuki mambo yamemshinda."

Shemeji alikuwa jikoni anakuna nazi. Akasema bila kugeuka: "Shemeji, ngozi ya mume wangu ikibaki tena barabarani, hiyo nayo utaisubiri mpaka iuzwe?"

Jioni ile kaka akapita nyumba kwa nyumba kuomba ngozi, akasema alichosema, sikutaka kujua.

Siku ya Idi nilizunguka tangu mapema kuwafundisha watu kuchuna. Mbuzi huchunwa kwa ngumi: unafungua kwa kisu, kisha unasukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, inavuka yenyewe nzima. Niliwaonyesha. Wakatikisa vichwa kwa heshima, nikageuka, kisu kikarudi kazini. Sufuria zilikuwa motoni, pilau inangoja nyama, nani wa kupiga ngumi?

Nilipofika nyumbani, wa kwanza kubisha hodi alikuwa Bi mzee wa nyumba ya pili, amebeba beseni. Kaka hakuwepo.

"Shika, mwanangu. Sadaka yangu hii, umshonee nduguyo."

Mikono yangu haikwenda. Nilikuwa nimevaa kanzu niliyoshonesha nje, nimejifukiza udi, na mbele yangu kizee asiye na kitu ila mbuzi mmoja aliyemfuga mwaka mzima.

"Shika basi, damu inanichuruzikia miguuni!"

Nikashika. "Mwenyezi Mungu akupokelee, Bi."

Baada yake wakaja wengine, na kila mmoja ilibidi apokelewe kwa mikono miwili na dua yake. Yule aliyeuliza bei ya pembe barazani alileta ngozi na pembe juu yake: "Pembe bure." Mpaka alasiri nilikuwa na lundo, na hapo ndipo nilipokunjua nikaona. Matundu. Kila ngozi imetobolewa, nyingine katikati ya mgongo, pale pale nilipopahifadhi kwa kifua cha kaka. Mzee mchinjaji alikuwa akipita, nikamwonyesha, nikamwambia laiti wangenisikiliza.

"Sadaka nayo hukaguliwa?" akasema, akaendelea na safari yake.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko cha msikitini. Ngozi ya kununua ningeirudisha, ningegomba, ningechagua. Hii nilishukuru kwanza, kisha ndiyo nikaiona.

Nilizitia chumvi, nikaziloweka kwenye chokaa, nikaparura manyoya, nikazizamisha ndani ya maji ya magome niliyoagiza. Mvua haikutaka zikauke, ukungu ukawa unaota, nikawa nazifuta kwa mafuta ya nazi usiku na mchana, na pikipiki ya kaka inaondoka kila alfajiri na yale mashati yake. Vipande vikubwa nilivyovipanga havikupatikana. Nilikata nikiyakwepa matundu, nikaunga kipande kwa kipande, mishono mingi mara mbili ya ilivyotakiwa. Mtu mwenye cheti cha hapa na pale asingeweza.

Kaka alipolivaa alijitazama kifuani. "Mbona kama ramani?"

Mtaani likaitwa jaketi la sadaka. Hakuna aliyeuliza kashona nani. Bi mzee akawa anasimama nje kaka akipita, anawaonyesha wenzake: "Pale kifuani, kulia, ndiye mbuzi wangu." Nilimsikia kwa masikio yangu, na kipande kile hakikuwa hata cha mbuzi wake.

Mvua za kusi zikaja, na asubuhi moja kaka akateleza karibu na Konde. Deli, sanduku la samaki alilofunga nyuma, likapasuka, samaki wakatawanyika matopeni, akaburuzwa mpaka ukingoni mwa barabara. Alirudishwa nyumbani na gari ya watu, anachechemea. Shemeji alimvua jaketi, akauinua mkono ule ule ulioumia mwanzo, akaupapasa kutoka begani mpaka kwenye kifundo. Ngozi ilikuwa nzima. Akakaa chini akalia.

Nyumba ikajaa watu. "Sadaka hiyo," Bi mzee akasema, amesimama mlangoni, na wote wakaitikia kuwa ni sadaka.

Nililichukua jaketi nikalipeleka dirishani. Kiwiko kilikuwa kimekwanguka cheupe, tabaka ya juu imeliwa, ya pili haijaguswa. Mshono haukuachia hata uzi mmoja. Nikamsogelea kaka kitandani nikamwonyesha kwa kidole, nikaanza kumweleza habari ya nta niliyoupaka uzi na ya kupitisha sindano mara mbili.

"Nimeona," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini Bi bado yupo. Nyamaza."

Nikakiondoa kidole kwenye mshono.