Sabato ya Mtungi

Zadock Ombati hakuvaa mtungi usoni kwa sababu ya sanaa. Siku hizi wako watu mitandaoni wanaoandika kwamba uso ule wa plastiki ya njano ni fumbo, kwamba unasema jambo zito kuhusu ziwa na taka na vijana wa leo. Maneno matupu. Alivaa kwa sababu alimwogopa mama yake, na mama yake alikuwa mtu wa kuogopwa.

Nyamusi na mumewe Maranga waliteremka Sori, kando ya ziwa, kutoka milima ya Kisii miaka mingi iliyopita, wakafungua kinu cha kusaga unga karibu na soko. Maranga alisaga, Nyamusi aliwauzia wavuvi ndizi mbivu kwa Kijaluo chake kilichojaa lafudhi ya Kikisii, na wavuvi walimfanya arudie bei mara tatu kwa sababu walipenda kumsikia. Maranga alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, lakini mlinzi wa Sabato katika nyumba ile alikuwa mkewe. Ijumaa jua likianza kuinama, vyombo vilikuwa vimeoshwa, viatu vimepakwa rangi, redio imezimwa, na ole wake atakayeigusa kabla ya kesho yake jioni.

Zadock alikulia chini ya mkanda wa kinu. Akiwa na miaka kumi na minne alijua kwa kusikia tu kama mahindi yaliyotiwa yalikuwa mabichi. Alipopata laptopu kuukuu kutoka kwa binamu yake wa Rongo, alianza kurekodi vitu ambavyo wengine huvikimbia: mngurumo wa kinu, chekecheke ya unga, na mama yake. Nyamusi alikuwa na tabia ya kuimba akiwa amefunga mdomo huku akichagua ndizi. Zilikuwa nyimbo za kanisa, lakini alizipinda kwa namna yake hadi hazikuwa tena za kitabuni. Zadock aliichukua sauti ile, akaiweka juu ya kinu, akatia ngoma chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alidhani amemtengenezea mama yake zawadi.

Akaenda kumchezea jikoni. Nyamusi alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwenye leso yake, akasema kwamba wimbo anaomwimbia Mungu umegeuzwa kuwa wa kutingishia viuno. Kisha akasema, "Muziki huo ukitoka, mimi siujui, na aliyeutoa simjui." Akageukia sufuria yake.

Mama wa kwao Kisii hasemi neno kama hilo ovyo. Likishasemwa limesemwa, na hakuna shangazi wala mchungaji anayeweza kuliondoa kwa niaba yake. Ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa ana kwa ana na aliyeambiwa. Zadock alilijua hilo. Angeweza kuacha muziki, au angeweza kurudi jikoni akabishane naye mpaka waelewane. Hakufanya hata moja. Alikula chakula alichopakuliwa, akasema asante, na tangu siku hiyo jambo hilo halikutajwa katika nyumba ile.

Mtungi ulizaliwa Rongo mwaka wa 2019. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamemwalika apige kwenye uwanja wao mchana, naye alipofika akamwona shemasi Paul wa kanisa lao akinunua mbolea ng'ambo ya barabara. Zadock akaomba mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia kwa mama wa chapati, akaukata kwa kisu, akatoboa macho, akauvaa ukiwa bado unanuka mafuta. Wanafunzi walishangilia kama wendawazimu. Jioni ile jina lake lilikuwa Mtungi, na hakuwa ameliomba.

Mambo yakamnyookea. Kibao chake cha "Unga", kilekile cha sauti ya mama na kinu, kilitoka mwaka wa 2022 na kikapigwa na kila bodaboda kutoka Migori hadi Kisumu. Akaitwa Nairobi, akaitwa Kampala. Nyumbani alisema anatengeneza kompyuta za watu, na kwa kuwa babake alikuwa amenunuliwa injini mpya ya kinu, hakuulizwa ni kompyuta gani hizo zenye baraka namna ile.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Watu hutaka kucheza Jumamosi, na Jumamosi Zadock alitakiwa kuonekana kanisani. Hapo akabuni mpango ambao aliuonea fahari kuliko wimbo wowote. Alikuwa na rafiki yake wa Karungu, Ochieng, aliyembebea spika, kijana wa kimo kilekile na mabega yaleyale. Zadock aliupanga muziki wote kwenye laptopu mapema, akamfundisha Ochieng wapi pa kubonyeza na wapi pa kuzungusha, akamvika ovaroli ya buluu, glavu nyeupe na mtungi. Akampa sheria moja tu, kwamba Mtungi hasemi. Hata ukiulizwa jina, itikia kwa kichwa.

Basi kila Sabato Mtungi alitesa jukwaani, na Zadock alikaa kando ya babake akisoma lesoni ya Biblia kwa sauti ya kusikika. Nani angemshuku? Alijiona ameishika siku ya Bwana na hajapoteza hata onyesho moja. Amri ile aliyoikariri tangu mtoto inamkataza mtu kazi, yeye na mtumishi wake pia, lakini kipande hicho cha mtumishi alikipita haraka kama wengi wetu tunavyopita vipande visivyotufaa.

Agosti mwaka jana kulikuwa na tamasha la ufukweni Homa Bay, Jumamosi alasiri. Asubuhi hiyo Zadock, aliyekuwa safarini wiki nzima, alipoingia kanisani hakumwona mama yake. Maranga akamwambia ameenda tangu Alhamisi kumwona Gesare, dada mkubwa wa Zadock aliyeolewa Homa Bay, kwamba ana homa. Zadock akasoma lesoni yake, na maombi yalipofika akamwombea Gesare.

Kesho yake Ochieng alirudi na vyombo, akacheka kabla hajashusha spika.

"Omera, jana kuna mathe mmoja alinimaliza," alisema. "Mkisii. Alikuja mpaka nyuma ya stage, akanishika mikono zote mbili, akaongea, akaongea, akalia. Mimi nikaitikia tu na kichwa."

Zadock alimuuliza alikuwa anasema nini. Ochieng akamjibu kwamba yeye Kikisii angekijulia wapi. Zadock akasema labda mama wa watu alitaka kumwoza binti yake, wakacheka wote wawili, wakaendelea kukunja nyaya. Hakuuliza mama huyo alikuwa wa umri gani. Hakuuliza alivaa nini. Ukimsikia Zadock leo akisimulia mahali hapo, utamwona anafunga macho, na hata wewe uliye na huruma utatamani kumzaba kofi.

Nyamusi alirudi Sori Jumatatu, na kwa wiki tatu alikuwa mtu mwingine. Alimwekea Zadock firigisi ya kuku, ambayo katika nyumba ile ilikuwa haki ya Maranga peke yake. Alipita karibu na chumba chake bila sababu. Siku moja, wakiwa wawili kwenye kibanda cha ndizi, alimuuliza bila kuinua macho, "Zadock, huna neno la kuniambia?"

Zadock alidhani shemasi Paul au mbea mwingine amekwisha kumchongea. Akasema, "Sina, mama."

Nyamusi aliweka kando ndizi aliyoishika. "Haya," akasema. "Wewe tangu utotoni unachelewa kujibu." Akaendelea kuchagua ndizi.

Jumatano iliyofuata alianguka palepale kibandani. Presha. Walipomfikisha hospitali Migori alikuwa amekwisha kwenda.

Walimzika kwao milimani. Siku ya tatu baada ya mazishi Gesare alimvuta Zadock kando na kumwonyesha simu yake. Alisema hakuwa na homa yoyote mwezi ule wa Agosti. Mama alikuwa amejua kwa zaidi ya mwaka. Alimsikia bodaboda sokoni akipiga "Unga" kwenye spika yake, akaijua sauti yake mwenyewe, akauliza ni muziki wa nani, akaambiwa wa Mtungi. Akanyamaza nayo. Kisha akaanza kumuuliza Gesare ni lini Mtungi atafika Homa Bay. Mama alisema akimwita Zadock nyumbani atakana, au atatoka nje, kwa hiyo ile kauli ya zamani ataenda kuimaliza naye kulekule kazini kwake, amwone anavyofanya, naye aonwe.

Gesare alitaka kusimama karibu, mama akamwambia haya ni yake na mwanawe, arudi nyuma ya kamba. Basi Gesare akarekodi kwa mbali. Kwenye video Nyamusi amevaa nguo zake nyeupe za Sabato, mwanamke ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kukosa kanisa kwa hiari yake, amesimama nyuma ya jukwaa katikati ya nyaya. Ameshika glavu mbili nyeupe. Midomo yake inakwenda. Mtungi unaitikia, unaitikia, unaitikia.

"Alikuambia nini?" Gesare aliuliza.

Zadock alisema ni mambo ya mama na mtoto. Akaomba atumiwe ile video.

Miezi minne hakufanya kazi nyingine. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kuitoa sauti ya kifua cha mama yake katikati ya mngurumo wa kinu, na hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Sasa alijifungia chumbani kwake nyuma ya kinu, akichuja, akipunguza, akikata. Lakini Gesare alikuwa amesimama mbele ya spika, na kilichokuwa kinarudiwa kwa mashabiki baada ya onyesho ni "Unga". Alipata pumzi. Alipata mwisho wa neno. Mara moja, karibu na katikati, alipata jina lake waziwazi, Zadock, kisha ngoma yake mwenyewe ikashuka juu ya yote yaliyofuata. Kama aliiondoa ile kauli au aliikaza, hakuna popote panaposema.

Alimwita Ochieng mara nyingi, mpaka Ochieng akawa anakuja ameinamisha kichwa. Alimuuliza uso wake ulikuwaje, alikuwa amekasirika? Ochieng alikuwa na nia njema, na alijaribu. Alisema alikuwa analia, lakini hata mtu akikasirika analia. Alisema alipomaliza alimpapasa ule mtungi shavuni, au labda aliusukuma, kwa ndani huwezi kujua. Tangu hapo Ochieng alikataa kuuvaa tena, na Mtungi hajapanda jukwaa lolote hadi sasa. Mashabiki wanasema anatayarisha albamu.

Jumapili moja ya Januari kinu kilikuwa kimesimama kwa kukosa mkanda, na Maranga aliingia chumbani kwa mwanawe kwa mara ya kwanza. Aliangalia spika, akachagua moja, akaikalia. Alizungumza Kikisii, polepole, kama mtu aliyepanga maneno yake tangu kanisani. Alisema mama yao alimwambia kitandani, wiki ile kabla hajaanguka, kwamba amekwisha kuzungumza na Zadock juu ya ile kauli.

"Nikamuuliza, umeiondoa au umeiacha? Akasema nikuulize wewe." Mzee aliinama mbele. "Nimengoja useme, nikaona utanyamaza mpaka na mimi nife. Aliiondoa?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mzee angeridhika, angeenda kutafuta mkanda wake wa kinu, na huenda Zadock mwenyewe, kwa kulirudia neno hilo mwaka baada ya mwaka, angefika mahali akaliamini. Alikuwa amezoea kujificha. Lakini alikuwa amechoka, na alimpenda babake, na uongo ule haukutoka.

"Tata, hakuzungumza na mimi," alisema. "Alizungumza Homa Bay. Sabato ile aliyoenda kwa Gesare."

"Sabato ile ulikuwa na mimi. Ulisoma lesoni."

"Ndiyo, tata."

"Basi alizungumza na nani?"

Zadock akamweleza. Alieleza vibaya, akianza katikati na kurudi nyuma, mtungi, glavu, sheria ya kutosema. Maranga alimsikiliza bila kumkatiza, na mwishowe alikuwa na swali moja tu.

"Ochieng anajua Kikisii?"

"Hapana, tata."

Mzee alivaa miwani yake akaomba kuiona. Zadock akampa simu. Maranga alimtazama mkewe katika nguo zake nyeupe mpaka picha ikaisha, kisha akaianzisha upya, na safari hii hakuitazama. Aliiweka sikioni, akainamisha kichwa, akafumba macho.

"Punguza hiyo ngoma," alisema, "tumsikie."

"Haipungui, tata. Nimejaribu."

Maranga hakuitoa simu sikioni. "Jaribu tena," alisema.