Sauti Tuliyoiita Elikana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nainamisha kichwa upande, kama mtu anayetega sikio. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kukatika. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua maharage, nami nilikuwa ndani nazungusha redio. Ghafla mikono ya mama ikatulia. Akasema, bila kupaza sauti, "Huyo ni Elikana."

Ngoja nikueleze taratibu, maana hata mimi nisipokwenda taratibu napotea humo humo.

Elikana alikuwa kaka yangu. Sisi ni watu wa Kitahana, wakulima tangu babu, lakini yeye jembe lilimshinda, akawa utingo wa lori. Lori lile lilikuwa likipita Kasulu hadi Manyovu, mpakani, na kutoka hapo likivuka kuingia Burundi na mizigo ya wafanyabiashara. Safari moja likavuka, halikurudi. Ng'ambo kulikuwa na vita, na watu walikuwa wakikimbilia huku kwetu. Tuliwauliza waliofika kambini Nduta. Mmoja alisema lori lilichomwa moto na wote waliokuwemo. Mwingine alisema aliliona zima, limeegeshwa. Ukimuuliza wapi, hakumbuki. Miaka ikapita. Kaka alikuwa ameacha mke, wifi yangu Yusta, naye alibaki pale nyumbani akilima na mama, hana mtoto, hana habari, hajui kama ni mke au mjane.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana, najifunza kushona kwenye baraza la duka la Mzee Athumani, mjini Kibondo. Mzee Athumani alikuwa mtu wa Ujiji, mwuza vitenge, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: redio. Alikuwa ametandaza waya wa shaba kutoka paa la duka hadi kwenye mparachichi wa jirani, na kila wateja walipopungua alikaa kuwinda stesheni za mbali, za masafa mafupi. Hakujali kuelewa lugha. Furaha yake ilikuwa kujua sauti ile inatoka nchi gani, imekuja vizuri au imekuja na mikwaruzo. Kisha aliwaandikia wenye stesheni kuwaeleza alivyowasikia, nao walimrudishia kadi zenye picha za milima na minara, akazibandika ukutani katikati ya vitenge. Watu walimcheka. Mimi nilinaswa. Sikuwahi kufika hata Tabora, lakini nilijua sauti ya kengele ya stesheni fulani ya Asia kama ninavyojua jogoo wa jirani. Alipoona hivyo akanipa redio yake ya zamani, akanifundisha na masharti yake. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba ukisikia, useme ulichosikia tu. Kama kelele zimefunika jina la mji, sema zimefunika. Usiweke mji unaoupenda wewe.

Sasa sikiliza hili, maana kisa chote kimeegemea hapa. Mbali na stesheni za matangazo, hewani kuna watu wanaoongea wao kwa wao, mmoja anaita, mwingine anajibu. Wako wanaofanya hivyo kwa kupenda tu, na wako wa kazini, kama wale wa mashirika ya misaada waliokuwa wakiulizana habari za unga na dizeli. Kwenye redio ya kawaida watu hao husikika kama bata wanaogombana. Redio ile niliyopewa ilikuwa na kitufe kidogo cha pembeni, ukikizungusha polepole, wale bata wanageuka watu. Lakini ukikizidisha kidogo, sauti inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Ukikirudisha, inakuwa nene. Wewe mwenyewe ndiye unayeamua pa kusimama.

Alasiri ile nilisimama mahali fulani, na mama akasema ni Elikana.

Nikasikiliza. Mtu alikuwa akihesabu magunia kwa Kiswahili chenye lafudhi yetu, kile kinachovuta maneno. Hakujitaja jina, alijiita Mwamba, kwa kuwa ndivyo walivyojiita, kwa majina ya vituo vyao. Kabla ya kila sentensi aliguna kidogo, kama mtu anayenyanyua kitu. Elikana alikuwa akiguna hivyo. Lakini baba yetu naye aliguna hivyo, na wanaume wengi wa huku huguna hivyo, na Warundi wa ng'ambo lugha yao na Kiha chetu zinasikika kama za ndugu. Nikamwambia mama kwamba sina hakika. Mama hakunisikia. Alikuwa ameshafika karibu na redio, ameiwekea kiganja juu kama anavyompima mtoto homa.

Kesho yake, saa zile zile, Mwamba akaita tena. Na keshokutwa. Mama akawa haendi shambani mchana. Majirani wakaanza kuja. Wengine walisema ni Elikana kabisa, wengine walisema Elikana alikuwa na sauti ya juu zaidi, na mimi nikigusa kitufe sauti ikapanda, wakasema, ehee, ndiye. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Usiku nikilala nilijaribu kuikumbuka sauti ya kaka yangu nje ya redio, nikakuta haipo tena. Kila nilipomkumbuka akiniita, aliniita kwa sauti ya Mwamba.

Yote hayo yangekuwa mambo ya kupita kama si Yusta. Miezi hiyo fundi seremala mmoja wa Kifura, mgane, mtu wa heshima, alikuwa ameleta wajumbe kumuomba. Wazee wetu walikuwa karibu kukubali kumaliza msiba wa Elikana, wamfungulie Yusta njia. Mama akasimama na kusema hakuna msiba wa mtu aliye hai. Baba mdogo Zakaria, aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba kufariki, akaitisha kikao. Wakabishana mpaka wakachoka, kisha wote wakanigeukia mimi. Baba mdogo akasema, "Wewe ndiye mwenye kuijua redio. Tuambie. Ni yeye au siye?"

Niliona uso wa mama. Nikaona na uso wa Yusta, ameketi nyuma ya wanawake, anatazama mikono yake. Nikisema ndiye, huyu anafungwa. Nikisema siye, yule namzikia mtoto. Nikaomba siku chache.

Nilikwenda kwa Mzee Athumani nikijua atanipa jibu, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamezeeka kwenye kazi hiyo. Nikamweleza yote, huku nikilia kidogo. Alimaliza kukunja kitenge alichokuwa anakunja. Akaniuliza kitufe nilikiweka wapi siku ya kwanza. Nikasema nilikiweka pale sauti iliposikika vizuri. Akauliza, vizuri kwa nani?

"Sauti ile unaikata wewe, kama unavyokata kitambaa," alisema. "Sasa unashangaa imemkaa kaka yako."

Maneno yale yaliniumiza. Nilitaka anihurumie. Lakini baada ya kunikaripia alivaa kofia yake, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda kumtafuta mtu aliyekuwa akimuuzia vitenge kule Nduta, ambaye alikuwa akifahamiana na watu wa redio katika shirika moja la misaada. Alisema redio zao zina mawimbi yaliyopangwa, hakuna kitufe cha kubabaisha, na zaidi ya hayo zinaweza kuuliza. Yangu ilijua kusikia tu.

Tulikwenda mama, mimi, Yusta na Mzee Athumani. Sikutegemea Yusta angekuja, lakini asubuhi ile tulimkuta barabarani, amevaa viatu vyake vya kanisani. Mwenye redio alikuwa kijana Mkongo aliyeitwa Diodone, mwembamba, mwenye haraka. Alisema Mwamba anamfahamu kwa sauti tu. Yuko ng'ambo, kwenye ghala, mahali ambapo barabara zake hazipitiki kwa sasa, na hajawahi kumuuliza jina lake kwa kuwa kazini hawaulizani majina. Alikubali kutupa nafasi baada ya habari za kazi kwisha. Akamkalisha mama mbele ya mashine.

"Mama, usiguse kitu," alisema. "Mie nikifinya hapa, ndipo unasema. Nikiachia, unasikiliza."

Mwamba akaja. Magunia, mafuta, magunia. Nilimsikiliza kwa mwili wote. Sauti ilikuwa nene kuliko ya kwenye redio yangu, na kwa dakika moja nikasema moyoni, siye. Kisha akaguna, nikasema, ndiye. Diodone akamwambia kwamba kuna mama hapa anataka kumuuliza jambo. Akafinya.

Mama alisema kwa Kiha. Alijitaja jina, akataja kijiji, akataja jina la baba. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, kama ni wewe, niambie. Sitakuuliza kitu kingine."

Diodone akaachia. Ikaja ile kelele tupu ya hewani, kama mafuta yanayokaanga. Ilikaa. Mwanangu, nimeshasikiliza kelele hiyo maisha yangu yote, naijua inavyokaa mtu anapotafuta neno, naijua na inavyokaa mawimbi yanapofifia, na bado sijui ile ilikuwa ipi. Diodone alishaanza kunyoosha mkono aite tena.

"Hapana, mama," sauti ikasema, kwa Kirundi, au kwa Kiha, nani atatofautisha maneno mawili. Kisha kwa Kiswahili: "Mimi si mtoto wako. Kwetu ni Makamba, huku Burundi. Mungu akutunze, mama. Ova." Ova ndilo neno lao la kumaliza zamu ya kusema.

Mama hakulia. Alishukuru, akasimama, akajifunga kanga vizuri. Tulipotoka nje akasema kwa utulivu kabisa kwamba ndiye, ila amekataa kwa sababu zake, labda kuna watu wabaya wamesimama karibu naye, labda ana mke mwingine anaona haya. Mimi nilikuwa natafuta upande wa kusimama, sikuupata. Ile "mama" ya mwisho ilikuwa ya adabu ambayo kijana yeyote angempa mwanamke mzima. Au haikuwa.

Tukiwa njiani Yusta alinishika mkono, tukabaki nyuma. Aliniuliza, "Wifi, wewe ulisikia nini?"

Nilitaka sana kumpa kitu. Nilijua ningeweza kusema siye, na pengine ingekuwa kweli, naye angeolewa kwa amani. Lakini nilikumbuka nilivyokuwa nikigusa kile kitufe mbele ya majirani. Nikamwambia, "Nilisikia mwanamume aliyeulizwa, akakaa kimya, akasema hapana. Zaidi ya hapo sijui, wifi. Kweli sijui."

Akatembea hatua kadhaa. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Basi inanitosha. Kama siye, kaka yako amekufa au amepotea, nami nimemsubiri. Na kama ndiye, ameulizwa na mama yake mzazi akasema siye. Vyovyote vile mimi sina mume."

Aliyasema hayo hayo mbele ya wazee, yeye mwenyewe, akiwa amesimama. Baba mdogo alinigeukia tena anataka neno langu, nikarudia lile lile, kwamba sijui. Alikasirika, akasema redio yote hiyo na bado hujui. Lakini kikao kiliisha kwa kumruhusu Yusta, kwa sababu hakukuwa tena na mume wa kumfungia. Aliolewa Kifura. Ana wajukuu sasa, na akija Kibondo hulala kwangu. Mama yangu alimpa baraka zake siku ya harusi, akamfunga kitenge kwa mikono yake, na bado aliendelea kuamini mtoto wake yuko hai ghalani ng'ambo. Aliondoka duniani akiamini hivyo. Mwamba alinyamaza baada ya mvua za mwaka ule, kituo chao kikahamishwa au kikafungwa, hakuna aliyetuambia. Elikana hakurudi.

Mimi bado nasikiliza. Unaniona nikiwa na redio yangu na waya wangu na unadhani ni uzee. Nikisikia mtu wa huku akihesabu kitu kwa Kiswahili nasimama. Siku nyingine nina hakika alikuwa yeye. Siku nyingine naiona hakika hiyo ni upuuzi mtupu. Nimejifunza kuishi na zote mbili ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ninyi mna simu, na humo sauti zinaingia kila saa: huyu kasema hivi, yule kasikika pale, sikiliza mwenyewe. Watu watakuja kwako wakitaka uwaambie ndiyo au hapana, na watakuja wakiwa na uchungu, na uchungu wa mtu unakufanya utamani kumpa chochote. Mpe ulichosikia. Ukifika mwisho wa ulichosikia, simama hapo, useme sijui, hata wakikukasirikia. Na kama wewe ndiye unayengoja kuambiwa, usiweke maisha yako yote mikononi mwa mtu aliyesikia kupitia kelele. Uliza mwenyewe ukiweza. Ukijibiwa, au ukikosa jibu, amka uamue, kama Yusta alivyoamua, bila kumchukia yeyote na bila kuomba kwanza dunia nzima ielewe.

Mungu akupe masikio yaliyotulia. Akupe watu watakaokuitika unapowaita, na siku wasipoitika, akupe nguvu ya kula chakula chako na kulala. Waliokuzaa wakuone umefika mbali, na kila mlango utakaobisha, ndani awepo mtu anayekujua kwa jina. Amina.