Neno la Mwendo wa Afande

Miaka ile ya utawala wa kijeshi nilikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati hapa Kampala, meza ya kola. Fundi wetu alikuwa Mjapani wa makamo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na Kiswahili hakuwa nacho kabisa, kwa hiyo alitufundisha kwa mikono na kwa maneno ya ajabu. Akivuta kitambaa kwa mkupuo mmoja laini, alisema sutto. Akiipindua kola ndani nje, kurutto. Akiigongagonga ncha yake ikae sawa, tonton. Nilidhani ni majina ya hatua za kazi. Siku moja paka alipita juu ya ukuta wa uani, hasikiki, na fundi akanong'ona sotto, neno lile lile alilotumia kutuonyesha namna ya kuilaza kola mezani bila kuikunja.

Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Kumbe watu hawa walikuwa na neno kwa kila namna mwili unavyojitikisa! Mimi nimezaliwa Old Kampala, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na Kiswahili cha nyumbani kilinipa kiburi. Kwetu mtu huanguka pu, hulala fofofo, hunyamaza jii. Nikajiona tajiri, mpaka nilipoanza kulinganisha. Ya kwetu yalifuata nyuma ya kitenzi kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake. Ya fundi yalisimama peke yake na kila mtu akajua la kufanya.

Saa ya chakula nikawa natembea mbele yake kwa kila mtindo, naye anataja. Nikienda upesi kama mwenye shughuli zake, sutasuta. Nikiburuta miguu kwa majonzi, tobotobo. Nikitanguliza kifua na kukanyaga kama tembo, noshinoshi, na hapo alicheka hadi akavua miwani. Niliyaandika yote kwenye mabaki ya karatasi za kukatia. Wenzangu walisema Mjapani amenifanyia dawa.

Walisema hivyo, lakini noshinoshi walilichukua. Kiwandani tulikuwa tumewekewa afande wa usalama, na buti zake zilisikika kwenye mbao za ukumbi kabla hajaufikia mlango. Aliyemsikia kwanza alilitamka neno lile kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba uzi, na jirani yangu wa mezani akaficha barua yake.

Jirani yangu huyo alikuwa mwanamke wa kaskazini. Mumewe, aliyekuwa polisi, alikimbilia Kenya, na barua zake zililetwa na dereva wa lori. Siku hizo barua ya mtu aliyekimbia ilitosha kukufanya usionekane tena. Katika chumba alichopanga alikaa na watu asiowaamini, ndiyo maana alizisomea kazini, chini ya rundo la kola, mistari miwili mitatu kwa wakati. Nilimwonea huruma na pia, niseme kweli, nilimwonea wivu kidogo.

Asubuhi moja afande aliniita ofisini kwake.

"Binti, hii neno mnasema kila siku, noshinoshi, ni ya nini?"

Ningeweza kumwambia ni aina ya uzi, na angeridhika. Nilianza vizuri: nikasema ni neno la Kijapani, ni mwendo wa mtu mkubwa, bingwa wa mieleka. Likampendeza. Akauliza kama yako mengine. Sasa, katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za maneno yangu, na furaha ilinizidi nguvu. Nikainuka nikatembea mbele yake sutasuta, nikatembea tobotobo, naye anacheka na kupiga meza. Nilipofika kwenye sotto, mwendo wa paka asiyesikika, nikavua kandambili, nikapita kwenye mbao za ofisi yake kutoka dirishani hadi mlangoni, nikamweleza kwamba siri yote iko kwenye kuvua viatu. Akasema mimi ni mwalimu kabisa. Nilirudi mezani nimejaa raha, na walioniuliza niliitiwa nini niliwaambia ni mambo ya karatasi za zamu.

Siku ya pili yake, mchana, mashine zikiwa zinanguruma, niliinua macho nikamwona afande amesimama nyuma yetu na soksi tu, bila buti. Hakuna aliyekuwa ametamka noshinoshi. Alinyoosha mkono juu ya bega la jirani yangu akaichukua ile barua taratibu, kama mtu anayepokea chenji dukani. Fundi alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka chini akatazama sakafu.

Jirani yangu alikaa ndani siku tisa. Wengi waliochukuliwa hawakurudi kabisa, kwa hiyo tulipomwona mlangoni tulilia kwa furaha. Hakuweza kukalia stuli sawasawa, aliegemea upande mmoja. Alifanya kazi mpaka karibu na saa ya chakula, kisha akaniinamia sikioni.

"Dada, nani aliambia yeye kutoa buti?"

Mkononi nilikuwa na kola ambayo sijaipindua. Nikamwambia sijui.